Na Hii ya Mtoto

Baba aliniambia mara moja tu, na hakupandisha sauti. Tulikuwa dukani Kibondo, likizo ya kidato cha pili, mimi nakunja vitenge na yeye anapanga majora ya vitambaa vya sare. Redioni walikuwa wanahojiwa wasanii fulani wa maigizo, na mimi kwa mdomo wangu usiojua kutulia nikasema kwamba hata shuleni kwetu kuna klabu ya sanaa, na nimeombwa nijiunge. Akaweka jora chini. Akasema, "Siku nitakayosikia umepanda jukwaani kuchezea watu, siku hiyo shule imekwisha. Utakwenda Pangani kwa shangazi yako ukajifunze cherehani. Umenielewa?"

Nikasema nimemwelewa. Na kweli nilimwelewa, maana baba si mtu wa vitisho. Akisema kesho tunafungua saa moja, saa moja mlango uko wazi. Cherehani si kitu kibaya, ila mimi nilikuwa nataka uuguzi. Nilikuwa nautaka tangu mama alipolazwa na muuguzi mmoja akawa anakuja kumfunika shuka hata zamu yake ilipokuwa imekwisha. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, tukabaki wawili, mimi na mzee.

Sababu yake ilikuwa moja na aliirudia kama dua. Sisi hapa ni wageni. Mimi nilizaliwa Kibondo, mama yangu Muha wa hapohapo, Kiha nakizungumza kuliko Kiswahili nikikasirika, lakini kwa baba tulikuwa wageni tu. "Miaka ishirini na saba nauza hapa," angesema, "na hakuna siku watu wamekaa sokoni kunizungumza. Unajua kazi yake hiyo?" Aliwasalimia wateja kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye," kwa lafudhi ya pwani iliyowachekesha kidogo, na kicheko hicho kidogo ndicho pekee alichokiruhusu.

Basi nikarudi bweni Kasulu na ile "umenielewa" masikioni.

Nisidanganye, sikujizuia muda mrefu. Shule yetu ilikuwa ya mchanganyiko, na starehe zilikuwa mbili. Moja ni muziki wa Jumamosi bwaloni, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili kamili, wavulana upande wa madirisha, wasichana upande wa jikoni, na matroni katikati anazunguka na rula kuhakikisha kwamba kati ya anayecheza na mwenzake inapita hewa. Ya pili ilikuwa klabu ya sanaa, kila Jumatano baada ya vipindi, ngoma na maigizo. Nikajiunga kama mtunza mavazi. Nilijiambia kwamba mtunza mavazi hapandi jukwaani, kwa hiyo sijavunja neno la mtu. Nilikuwa hodari sana wa hesabu za namna hiyo.

Mlezi wa klabu alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mama wa Kisingida aliyehamishiwa huku na ambaye hakuwahi kuizoea baridi yetu. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na alifundisha akiwa amekunja mikono kwapani. Mwaka ule, mimi kidato cha tatu, alitutungia igizo la mfanyabiashara mlaghai wa vitambaa. Mzee huyo kila akipima mita moja anakunja vidole viwili vya kitambaa ndani ya kiganja, anamwibia mteja huku anamchekea. Mwishoni binti mmoja wa shule anamkamata kwa kutumia rula yake ya darasani. Igizo zuri, watu wanacheka, kisha wanajifunza.

Shida ilikuwa huyo mzee. Aliyepewa nafasi alikuwa mvulana wa kidato cha nne, mrefu, sauti nzito, lakini mikono yake ilikuwa migumu kama mpini wa jembe. Mwalimu akachoka. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kona na kapu la nguo. "Wewe, kwenu si mna duka? Hebu mwonyeshe mtu anavyopima kitambaa."

Nikasimama. Nikachukua khanga kwenye kapu nikapima juu ya meza, mita moja, mbili, tatu. Halafu sijui nini kilinishika. Nikainua ncha ya khanga hadi kidevuni, nikanyoosha mkono wa kushoto wote, nikageuza uso pembeni utadhani kuna mtu ameniita, nikafumba jicho moja, kisha kidole kikateleza mbele shubiri nzima. Nikasema kwa sauti ya kizee, "Na hii ya mtoto." Bwalo lote lilicheka, na mwalimu akatoa mikono kwapani, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Wewe ndiye mzee," akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Sikukataa. Kwa dakika kumi nilisema "lakini mwalimu, lakini mwalimu," na ndani yangu nilikuwa nimeshakubali. Hujawahi kuchekesha watu sabini kwa mpigo kama hujui ninachosema. Nilijifariji kwa ndevu. Tulizitengeneza kwa sufi ya mto na gundi ya unga wa muhogo, zikanifunika kuanzia masikioni hadi kifuani. Juu nikavaa kofia, chini kanzu ya mlinzi wetu wa shule. Nilipojitazama kwenye kioo cha matroni sikujiona. Nikasema basi, hata baba akisimama mbele yangu ataniamkia.

Ile ishara ya mkono niliitoa wapi, sikujiuliza. Niliamini nimeibuni mwenyewe, na nilijivunia.

Kisha mambo yakaanza kunibana. Ilikuja fomu ya ruhusa ya mzazi, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kwenye mashindano ya sanaa ya shule za sekondari. Niliisaini mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nikaiga ule mkunjo wa baba unaoanzia kulia kama mwandiko wa Kiarabu. Nikaipeleka ofisini. Siku mbili baadaye mwalimu akatutangazia mashindano yatafanyika wapi. Kibondo. Katika ukumbi wa shule moja ulio mwendo wa robo saa kutoka mlangoni kwa baba.

Wiki ile sikulala vizuri na sikula vizuri. Nilitaka kujitoa, nikafika mpaka mlango wa ofisi ya walimu, nikamsikia mwalimu anamwambia mwenzake kwamba mwaka huu ana mtu. Nikageuza. Nilipiga hesabu tena. Mashindano ni siku ya gulio. Siku ya gulio baba haondoki dukani hata kwa dawa, wanakuja watu kutoka vijijini kote na wanawake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta wanaotafuta vitenge. Nitashuka kwenye gari nimeshavaa ndevu, nitapanda kwenye gari nimevaa ndevu. Nani atanijua?

Ndivyo nilivyofanya. Kutoka Kasulu mpaka Kibondo nilisafiri na sufi usoni, vumbi jekundu likanasa kwenye gundi, na nilipofika nilikuwa kama mzee aliyetoka shambani. Wenzangu walinicheka njia nzima. Gari lilipopita barabara ya sokoni niliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Niliona kwa pembe ya jicho mlango wa buluu wa duka letu na mgongo wa baba, amenyanyua jora, anahudumia.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi mbele, wazazi na watu wa mjini nyuma, wengine wamening'inia madirishani. Tulipoanza, woga ukaniachia palepale, kwa sababu ndevu zilikuwa zinanisemea. Nilipima, nikakunja vidole viwili, nikaiba, watu wakaguna. Nikapima tena. Kisha nikainua ncha ya kitambaa hadi kidevuni, nikanyoosha mkono, nikageuza uso, nikafumba jicho.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikasema, taratibu tu, kama mtu anayemalizia sala, "Na hii ya mtoto."

Ukumbi ulilipuka. Si kicheko nilichokizoea cha bwaloni. Kilikuwa kicheko cha watu wanaomjua mtu. Walikuwa wanapigana mabega, wanaelekezana, mzee mmoja dirishani anafuta machozi. Mimi nimesimama pale mkono umenyooka, jicho moja limefumba, na kwa lile lililobaki wazi ndipo nikaona nilichokuwa nafanya. Huo ulikuwa mkono wa baba. Hivyo ndivyo alivyopima kila siku tangu sijazaliwa. Anapima kwa mita ya mbao iliyopigiliwa kwenye kaunta, halafu anaongeza shubiri moja isiyolipiwa huku ananong'ona maneno hayohayo bila hata kujisikia, hata kwa mteja asiye na mtoto, na kila aliyewahi kununua kitambaa Kibondo amekwenda nyumbani na shubiri ile. Nilificha uso wangu nikamvalisha baba wizi wa vidole viwili mbele ya mji mzima.

Nilimaliza igizo. Sijui nilimalizaje. Tulipewa nafasi ya kwanza, na mwalimu alinikumbatia na sweta zake zote mbili.

Baada ya chakula shule mwenyeji ikatuwekea muziki kwenye ukumbi uleule, meza zimesogezwa ukutani. Mimi nilikaa kwenye kona na ndevu zangu, nimewaambia wenzangu gundi imekataa kutoka. Nikawa nawaza jambo moja tu, kwamba watu wamecheka, watakwenda nyumbani, watasahau. Ndipo ulipopigwa wimbo mmoja wa redioni, na mvulana asiye wa shule yetu akatoka katikati. Akainua ncha ya shati hadi kidevuni. Akanyoosha mkono. Akageuza uso, akafumba jicho, kidole kikateleza kwa mdundo. Wenzake wakapanga mstari nyuma yake. Mpaka wimbo unakwisha ukumbi mzima ulikuwa unapima, shule saba, wasichana na wavulana, mikono yote kushoto, nyuso zote pembeni, na ngoma inapotua wanaitikia pamoja, "Na hii ya mtoto."

Nilitoka nje nikaenda kukaa peke yangu garini.

Mtindo ule ulitembea kuliko barua. Jumamosi iliyofuata ulikuwa bwaloni kwetu Kasulu. Baada ya wiki mbili wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanaucheza wakisubiri maji bombani. Na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, maana yake kila mwanafunzi angeubeba kwenda kwao. Nilihesabu siku kwa hofu. Kila gari lililoondoka Kasulu kwenda Kibondo nililiona limebeba fununu yangu.

Nilipofika nyumbani, "Shikamoo baba," nikamtazama usoni kutafuta kama anajua. "Marahaba mwanangu, umekonda," akasema, akaniagizia maziwa. Hakuna kitu. Siku ya pili, nje ya duka, watoto wa shule ya msingi watano wakapanga mstari kwenye baraza, wakapima. Wakamaliza, wakakimbia wakicheka. Baba alikuwa ameshika mkasi. Aliwatazama mpaka wakapotea.

"Huu ndio mtindo gani tena?" akaniuliza.

"Wa redioni, baba," nikasema.

"Mzuri," akasema. "Hauna kukatika viuno." Akamgeukia mteja wake, akainua kitambaa hadi kidevuni.

Hakujua. Mtu hajioni mkono wake. Nilipaswa kushusha pumzi, na badala yake nilianza kuogopa upya, kwa sababu sasa mji mzima ulijua isipokuwa yeye. Wateja walikuja na vicheko vilivyobanwa mashavuni. Wengine, baada ya yeye kupima, walikirudisha kitambaa kwenye ile mita ya mbao wakapima tena wenyewe, kwa utani. Naye akacheka nao, akidhani ni mchezo mpya wa watu wa huku. Nilikuwa nakunja vitenge huku nimeuma ulimi.

Kisha akaja kijana wa bodaboda anayeegesha mbele yetu, na simu kubwa. "Mzee wangu, umeona hii?" Baba ana simu ya tochi, hizo za picha hazijui. Akavaa miwani, akasogea. Nikaisikia sauti yangu kutoka kwenye simu kabla sijaona kitu. Mtu fulani alikuwa amerekodi ukumbini.

Baba aliangalia igizo lote. Alisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Alicheka pale nilipokunja vidole. "Mwizi huyu. Mtazame, mtazame anavyokunja." Halafu akaniita. "Njoo uone. Wamesema ni shule ya Kasulu. Si wa shule yenu huyu kijana?"

Yule kijana wa bodaboda alinitazama. Alijua. Niliona anajua, na aliponitazama alikuwa ameacha kucheka.

"Hapana baba," nikasema. "Wa shule nyingine. Simjui."

"Anajua kuigiza," baba akasema akimrudishia simu. "Lakini masikini baba yake. Sijui kama ana habari."

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya robota la mitumba, nikajiuma mkono. Nilijichukia siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado, wallahi, chini ya chuki ile nilisikia nafuu. Cherehani ya Pangani ilikuwa imesogea nyuma hatua moja.

Aliyekuja kunikabili alikuwa mama mmoja wa Kumsenga anayeleta maharage sokoni, mteja wetu wa miaka. Alisubiri baba aende sala ya adhuhuri, akaingia, akaweka kapu lake juu ya kaunta. Nikamwamkia, akaitikia bila kutabasamu.

"Mimi ndiye niliyesema yale maneno ukumbini," akasema. "Nilisema kwa furaha, nikadhani mmemwigiza mzee wetu kwa wema. Nilikuwa nyuma, sikuona vile vidole. Mwanangu aliponionyesha kwenye simu ndipo nikaona. Na nikakuona na wewe. Umesimama kama mama yako."

Nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu, fomu, ndevu, Pangani, uuguzi. Nilimshika mkono juu ya kapu la maharage nikamwomba asiseme.

"Nguo ya kwanza ya mwanangu nilikatiwa hapa," akasema. "Kitambaa hakikutosha, ile shubiri ya baba yako ndiyo iliyotosheleza. Sasa vijana wananiambia alikuwa mwizi." Akavuta kapu lake. "Sisemi mimi. Mwambie wewe. Akisikia kwa mwingine atajua kwamba na wewe ulikuwa unacheka."

"Nitamwambia Ijumaa," nikasema.

Na Ijumaa nilijaribu. Duka lilifungwa mchana kwa sala, tukala wali pamoja nyuma, mlango umerudishwa. Nilikuwa nimejipanga, sentensi ya kwanza naijua kwa moyo. "Baba, nina jambo." Akanawa mikono, akasema na yeye ana jambo, aanze yeye maana ni fupi. "Shangazi yako amepiga tena anakutaka. Nimemwambia mtoto huyu nilimkataza jambo moja, na mpaka leo sijasikia ameligusa. Anamaliza kidato cha nne, anakwenda uuguzi. Nimeshawaambia na wenzangu msikitini." Alikuwa anaangalia sahani, kwa sababu kusifia mtu usoni kunamtia haya. "Haya, lako ni lipi?"

Nikasema nahitaji madaftari.

Mwaka wa kidato cha nne nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Nilijitoa kwenye klabu, mwalimu akakasirika na hakunisemesha muhula mzima. Jumamosi nilibaki bweni na vitabu huku nasikia kutoka bwaloni wanapima na kuitikia. Kila nilipoitwa ofisini nilijua ni baba amekuja kunichukua. Ilikuwa ada, au barua, au daftari la mahudhurio. Hakuwa baba.

Alikuja siku ya mahafali. Alivaa kanzu mpya na koti, begani amebeba kitenge kizima ambacho hakijakunjuliwa. Bwalo limepambwa, wazazi wamejaa, wa Kasulu na wa vijijini, na wachache kutoka Kibondo. Mwalimu wa sweta mbili alikuwa mstari wa mbele. Mshereheshaji akaanza kuita wahitimu mmojammoja, na mzazi wa kila mmoja anakuja mbele na zawadi yake, kwa muziki, anacheza kidogo ili watu wafurahi. Ndio utaratibu. Mama mmoja alikuja akipiga vigelegele, baba mwingine akaja anaruka. Nilijua wangu atatembea tu, atanishika mkono, atarudi kukaa. Nilikuwa naomba iwe hivyo.

Likaitwa jina langu, nikasimama mbele na joho langu. Wimbo uliowekwa ulikuwa ule wa redioni.

Baba alitembea mpaka katikati ya bwalo, akasimama. Nikaona midomo yake inahesabu mdundo. Kumbe alikuwa amejifunza kwa wale watoto wa barazani, siku nyingi, kwa ajili yangu, ili siku hii nisione kwamba baba yangu peke yake ni mzee asiyejua mambo ya vijana. Alishusha kitenge begani. Akainua ncha hadi kidevuni. Akanyoosha mkono wa kushoto, akageuza uso, akafumba jicho moja, na kidole chake kikateleza shubiri nzima juu ya kitambaa.

Hakuna aliyewahi kuucheza mtindo ule vile. Wanafunzi waliangaliana. Kisha mmoja akasema, "Ndiye mwenyewe huyu," na bwalo likainuka lote. Walikuwa juu ya mabenchi. Wenzangu wa klabu wanapiga kelele, wazazi wa Kibondo wanapiga makofi na meno nje, mwalimu ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na mabega yanatetemeka. "Na hii ya mtoto," waliitikia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Naye kila wakiitikia anarudia, uso unang'aa jasho, anacheka kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akicheka tangu mama afariki.

Ningeweza kwenda kumshika mkono. Hatua sita tu. Mtihani ulikuwa wiki chache mbele, na shangazi wa Pangani bado alikuwa hai na cherehani yake. Nikapiga makofi pamoja nao.

Akafika, akanifunga kitenge mabegani, akaniombea dua sikioni. Sikuisikia kwa kelele.

Jioni nilimsindikiza kituo cha basi. Alipita kwenye barabara ya Kasulu watu wakimwelekezea kidole, naye anawapungia. Tulikaa kwenye benchi kusubiri gari lake la Kibondo. Alikuwa bado anahema kidogo.

"Miaka yote hii nauza huku," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza watu wamenishangilia. Umewaona?"

"Nimewaona, baba."

Akasugua magoti. "Nilikukataza jukwaa," akasema. "Nadhani nilikosea. Nilikuwa naogopa bure tu. Ungecheza, mwanangu. Watu hawana ubaya."

Gari lilikuwa limeshaingia kituoni na kondakta anaita abiria. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na kizuizi chenyewe alikuwa amekiondoa yeye kwa mdomo wake. Nikambebea mfuko hadi mlangoni.

"Hukukosea, baba," nikamwambia, akapanda.